Watu wa Chini ya Ardhi

Mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja Kilwa kwa likizo ya mwaka jana akiwa na vitabu viwili ambavyo havikuwa vya masomo. Kimoja kilikuwa kinene, kimejaa majedwali na tarakimu mithili ya kitabu cha hesabu. Cha pili kilikuwa riwaya ya Kiingereza, iliyochakaa kwa kuazimwa. Nilipovinyoshea mkono alicheka. "Babu, hivyo havikufai. Ni vya watu wanaocheza." Mtu aliyefundisha maisha yake yote akiambiwa kwamba kitabu hakimfai, hapo ndipo anapoitafuta miwani.

Kile chenye majedwali nilikipitia kwa jioni mbili. Ile riwaya niliisoma mara ya kwanza kwa udadisi na mara ya pili kwa sababu ilinisumbua, kama itakavyoonekana.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wengi wa rika langu hawaujui. Unaitwa Dungeons & Dragons, nao ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu hukaa mezani, mmoja wao akawa msimulizi, na wengine kila mmoja akajitwalia nafsi ya kubuni: huyu shujaa mwenye upanga, yule mchawi, yule mwizi. Msimulizi hueleza mahali walipofika, wachezaji husema watakalotenda, na dadu yenye pande 20 huamua kama wamefaulu. Hakuna ubao wala karata. Ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa pamoja, na mtu aliyekulia penye "Paukwa!" na "Pakawa!" hawezi kuudharau mchezo wa namna hiyo.

Wala kujitia nafsi nyingine si jambo geni katika fasihi yetu. Ebrahim Hussein, ambaye ni mwana wa pwani hii ya kusini, katika tamthilia yake ya Mashetani ya mwaka 1971 aliwaonyesha vijana wawili, Juma na Kitaru, wakicheza mchezo ambamo mmoja ni shetani na mwingine ni binadamu. Mchezo ule hauishii pale wanapouacha. Kitaru anaondoka nao moyoni, nao unamtesa. Hussein alijua kwamba nafsi uliyojivika kwa mzaha inaweza kukuonyesha jambo ambalo hukutaka kuliona. Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu yaliyonipata mimi yalifanana nacho.

Katika ulimwengu wa mchezo huo kuna taifa la watu waishio chini ya ardhi, waitwao Drow. Walitajwa kwa mara ya kwanza katika kitabu cha mazimwi cha mwaka 1977, na mwaka 1978 wakaingizwa rasmi katika hadithi za kuchezwa alizoziandika Gygax mwenyewe. Jina limetoka katika ngano za Scotland, za viumbe wadogo wakaao vilimani, lakini sura na tabia ni za Gygax. Drow wana umbo la kibinadamu na masikio yaliyochongoka. Ngozi yao ni nyeusi kama makaa na nywele zao ni nyeupe. Wanawake ndio wanaotawala. Wanamwabudu mungu wa kike mwenye umbo la buibui aitwaye Lolth, wanafuga watumwa, wanasalitiana ndugu kwa ndugu. Hapo kale, kwa mujibu wa hadithi, walikuwa ndugu wa taifa la Elf lililo juu ya ardhi. Wakagombana, wakashindwa, wakafukuziwa chini.

Katika mchezo kila kiumbe huandikiwa tabia yake kwenye jedwali kama vile anavyoandikiwa nguvu zake. Kwa Drow, vitabu vya miaka ile viliandika uovu, na kwa taifa zima. Mtoto wao alizaliwa nao kama alivyozaliwa na masikio yake.

Sasa niseme kama mwalimu. Sisi tuliowafundisha walimu tuliwaambia kila mwaka wasiandike tabia ya mtoto kwenye rejista kabla hawajamfundisha. Jedwali la namna hii linafanya jambo hilo hilo, tena kwa taifa zima. Kisha kuna kosa la sayansi ambalo mwanafunzi wa sekondari angeliona. Viumbe wanaokaa gizani kwa vizazi vingi, kama samaki wa mapangoni, aghalabu hupoteza rangi; wengine hupoteza hata macho. Taifa lililoishi miaka elfu nyingi bila jua lingetazamiwa kuwa jeupe kama mzizi wa muhogo. Kwa hiyo weusi wa Drow haukutoka pangoni. Umetoka kwenye kalamu, katika mazoea ya zamani ya kuandika kwamba giza, ngozi nyeusi na laana ni kitu kimoja. Sisemi kwamba Gygax alikaa chini akakusudia kututukana. Nasema kwamba mazoea hayo yalikuwa tayari mezani pake, naye akayatumia bila kuyauliza yalikotoka.

Riwaya aliyokuja nayo mjukuu wangu ni bora kuliko jedwali, na haki yake nitaipa. Inaitwa Homeland, imeandikwa na R. A. Salvatore, ikatoka mwaka 1990. Inasimulia utoto wa Drizzt Do'Urden katika mji wa chini ya ardhi uitwao Menzoberranzan. Mji huo hauna jua wala mwezi, na saa yao ni nguzo kubwa ya mwamba ambayo mchawi huitia joto kila siku, nalo likapanda taratibu kutoka chini hadi juu. Watu husoma wakati kwa kuangalia joto limefika wapi. Nilipenda sana jambo hilo. Mwandishi anayekumbuka kwamba watu wa gizani nao wanahitaji saa, huyo amekaa nao kidogo.

Drizzt anazaliwa mtoto wa tatu wa kiume, na kwa desturi yao mtoto wa tatu wa kiume hutolewa kafara. Anaokoka kwa sababu usiku ule ule kaka yake mmoja amemuua kaka mwingine, hivyo hesabu imebadilika. Mama yake, Malice, ndiye mkuu wa ukoo. Baba yake, Zaknafein, ni fundi wa upanga ambaye kwa siri anauchukia uovu wa kwao. Siku moja Drizzt anachukuliwa na wenzake kwenda juu ya ardhi kuwashambulia Elf usiku. Humo katika mauaji anamkuta mtoto wa kike karibu na maiti ya mama yake. Hamwui. Anamlaza chini ya maiti ile, anajifanya amemmaliza, wenzake wanaondoka, na mtoto anabaki hai.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kwenda kukaa barazani, kwa sababu nitakayoieleza.

Kasoro ya riwaya ni hii: wema wa Drizzt hauna mahali pa kukaa isipokuwa kuondoka. Baba yake, aliye mwema kama yeye, anauawa; kijana anakimbia; na katika vitabu viwili vilivyofuata anapanda hadi juu, akawe mwema miongoni mwa watu wa juu. Mwema ametoka, shimo limebaki na waovu wake. Kwa hiyo hadithi haikulifuta lile jedwali la mwaka 1977. Imemtoa mtu mmoja na kusema, "Huyu si kama wenzake." Wale maelfu waliobaki, wanaolima uyoga na kulea watoto na kuogopa makuhani wao, hawaulizwi lolote. Na swali kubwa zaidi limepitwa kama jiwe la njiani: waliosukumwa chini walisukumwa na nani, na aliyeandika kwamba walistahili ni nani? H. G. Wells alikuwa na swali la namna hiyo mwaka 1895. Katika The Time Machine aliwaweka viumbe wa kutisha chini ya ardhi, lakini akamfanya msafiri wake akisie kwamba hao ni wajukuu wa wafanyakazi waliosukumiwa huko na matajiri wa juu. Msomaji wa Wells anaogopa, kisha anaona haya kidogo. Msomaji wa Drow anaogopa tu.

Nilijiuliza kama sisi tuna taifa kama hilo katika masimulizi yetu. Sikulipata. Lugha yenyewe inatuambia kitu kingine: kuzimu na mzimu ni maneno ya ukoo mmoja. Chini ni kwa waliotutangulia. Mapango mengi ya pwani yalikuwa mahali pa kupeleka ubani na kitambaa, na kusema shida kwa sauti ya chini. Hata majini, tunaowaogopa kweli kweli, hatuwahukumu kwa kuzaliwa kwao. Katika Kurani ipo sura yenye jina lao, ya 72, nayo inaeleza kwamba wamo walioamini na wamo waliokataa. Mzee wa pwani akikuambia mahali fulani pana jini, utamwuliza, "Jini gani?" Ni swali la adabu, na kitabu kile cha majedwali hakikuliuliza.

Tunacho pia kisa cha mtu aliyeshuka chini akarudi. Kinjikitile wa Ngarambe, katika masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee, alichukuliwa na nguvu za mzimu akazama kwenye maji ya mto. Ndugu zake walikesha wakimngoja, naye akatoka siku ya pili, nguo zake kavu. Hakurudi na habari za mazimwi. Alirudi na maji na ahadi kwamba waliokufa hawakuwaacha walio hai. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Wamatumbi kung'oa pamba huko Nandete, na vita vya Majimaji vikawaka. Hussein alikiandika kisa hicho katika Kinjeketile, mwaka 1969.

Na hapa nafika kwenye lile lililonitoa nje kukaa barazani.

Milima ya Matumbi, upande wa Kipatimu, ina mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, na mapango yake ni makubwa. Yale ya Nang'oma yanajulikana kuliko mengine. Wakati wa Majimaji watu walijificha mapangoni. Juu, askari wa Kijerumani walichoma nyumba na vyakula, kwa makusudi, hata njaa ikamaliza wale ambao risasi haikuwapata. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa katika vita vile kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika hata 250,000 na 300,000. Kwa miezi fulani, basi, katika wilaya yetu lilikuwapo kweli taifa la watu waishio chini ya ardhi. Walitoka usiku kutafuta mizizi. Aliyewaona kwa mbali, wamekonda, wamejaa vumbi na kinyesi cha popo, angeweza kuandika jambo lolote kuwahusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya pwani, alihamia kwetu mvulana mmoja kutoka huko milimani, akakaa kwa shangazi yake. Watoto wa mjini walimpa jina: Popo. Walisema babu zake walikaa mapangoni na kuning'inia kichwa chini. Niliwasikia. Niliwakemea wakati mwingine, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Kijana alikuwa na akili ya hesabu isiyo ya kawaida. Siku ya kufunga shule nilimwita mbele ya darasa zima nikamsifu, nikamalizia kwa maneno niliyoyaona ni zawadi: "Wewe si kama wenzako wa huko milimani."

Alinitazama, kisha akainamisha kichwa kwa heshima. "Mwalimu," alisema, "hao wenzangu ndio walionichangia nauli."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikamrudisha kwenye dawati.

Jioni nilikwenda kumwamkia bibi yangu, mzaa baba, ambaye wakati huo alikuwa ajuza asiyetoka uani. Nilimsimulia kisa hicho kama kichekesho, na lile jina la Popo nikalitaja. Hakucheka. Aliendelea kupeta mchele mpaka ukawa mweupe. Kisha akasema kwamba aliingia Kivinje akiwa mtoto mdogo, amebebwa mgongoni na mtu asiyekuwa mama yake. Mama yake alibaki pangoni. Watoto waliokuwa wakilia, alisema, walizibwa midomo kwa nguo ili askari wasisikie, na si wote walioamka nguo ilipoondolewa. Yeye alilazwa chini ya mama yake, mama hakuinuka tena, naye akatolewa hapo na mikono ya watu wengine. Kwa miaka 70 alijiita mtu wa Kivinje. Babu alijua. Baba yangu hakujua.

Ndiyo maana nilifunga kitabu kwenye ukurasa ule wa mtoto aliyefichwa chini ya maiti. Salvatore hakumjua bibi yangu. Lakini katika kitabu chake mtoto yule ni wa watu wa juu, watu wa nuru, na anayetoka shimoni ndiye mwuaji. Kwetu ilikuwa kinyume.

Msomaji asidhani kwamba nawalaumu Wamarekani ili sisi tusafike. Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na lugha yetu tamu ilikuwa na neno tayari kwa ajili yao. Pwani ilikuwa na waungwana, bara ilikuwa na washenzi. Hilo nalo lilikuwa jedwali. Ukishamwita mtu mshenzi, kumfunga kamba si kazi nzito. Bibi yangu hakuificha asili yake kwa kuwaogopa Wajerumani, ambao waliondoka zamani. Aliificha kwa ajili yetu, majirani zake, na kwa ajili ya neno hilo.

Nimeambiwa, na nimesoma, kwamba wenye mchezo wameanza kujisahihisha. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoutoa, ilitangaza kwamba Drow na mataifa mengine kama hayo hawataandikwa tena kuwa waovu kwa kuzaliwa. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 2024 hata neno la kugawa watu kwa mbari liliondolewa. Ni vizuri. Wapo wanaonung'unika kwamba mchezo unaharibiwa na adabu, kwamba kila hadithi inahitaji adui. Nakubali kwamba hadithi inahitaji adui. Malice, mama yake Drizzt, ni adui aliyeandikwa vizuri: anaogopa, anatamani, anahesabu, na tunajua anachokitaka. Hakuhitaji ngozi yake imsaidie kuwa mbaya. Waandishi wa mchezo wakijifunza kutoka kwake, hawatapoteza chochote. Lakini kufuta neno katika jedwali ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ngumu ni kuiandika hadithi ya wale waliobaki chini, yenye soko na kilio na harusi, mtu mwema akakaa humo humo na kuzeeka humo humo. Hiyo sijaiona, na ningeinunua.

Yule mvulana nilimpoteza. Alihama shule mwaka uliofuata, na barua niliyomwandikia baadaye haikujibiwa, labda haikufika. Nimefundisha walimu wengi tangu hapo. Sikuwahi kuwasimulia kisa hiki, ingawa kilikuwa somo kuliko mengi niliyoyaandika ubaoni.

Nilipomrudishia mjukuu vitabu vyake aliniuliza kama vimenifurahisha. Nilimwambia kwamba riwaya ni nzuri na jedwali ni baya, na kwamba aliyemlea baba wa babu yake alitoka pangoni. Alidhani ninafanya mzaha. Nilipomaliza kumsimulia alikaa kimya, akaligeuza geuza lile dadu lake la pande 20 bila kulirusha.

"Babu," alisema mwishowe, "jina lake hasa lilikuwa nani? La huko milimani."

Sikuwa na jibu, kwani sikumwuliza. Tumekubaliana likizo ijayo twende Kipatimu, yeye abebe tochi, mimi nibebe ubani, tukawaulize wazee waliosalia.